Jaribio la Arobaini na Moja

Jike nilimbandika kwa nta ya nyuki, tone dogo kuliko chembe ya ulezi,
nikamning'iniza kwa unywele wangu mwenyewe,
maana uzi wa maabara uliisha tangu Jumanne
na mhasibu wetu hapa Mikocheni hana haraka na mambo ya mbu.
Hajui kama amefungwa. Hana kitu chini ya miguu,
basi anaruka,
anaruka papo hapo, haendi popote.

Nikavaa visikizio.
Mvumo wake mzito, wa mama mwenye nyumba:
mabawa mara mia nne kwa sekunde.
Nikafungua kichupa, nikamtoa dume.
Kijembamba, sauti kali, mia sita na ushei,
masikio yake ni manyoya mawili kichwani
kama brashi za kuoshea chupa za mtoto.

Tulifundishwa kwamba dume humfuata jike, basi.
Lakini nimesikia mwenyewe, mara arobaini:
wakikaribiana, wote wawili wanaanza kuteleza,
huyu anapandisha kidogo, yule anashusha,
na hawakutani kwa huyu wala kwa yule.
Wanakutana juu,
kwenye mlio ulio juu ya mlio,
elfu moja na mia mbili,
mahali ambapo hakuna kati yao aliyeanzia.
Dume asipofika, anapigwa teke la mguu wa nyuma,
na hakuna wazee wa kuitwa kusuluhisha.

Kwangu Sinza, juu ya kabati, kuna leso.
Ndani ya leso kuna barua, na noti za kishika uchumba,
wiki ya tatu sasa.
Afisa wa forodha. Nyumba Goba, imeshapauliwa. Mwandiko mzuri.
Shangazi Siwema anapiga simu kila Ijumaa:
"Umejibu? Au unangoja malaika?"
Nimeisoma barua ile kwa sauti, mara mbili.
Haikulia.

Usiku wa jaribio, jokofu la sampuli lilikufa.
Wakamleta fundi, Mwinyimvua, kutoka Mwananyamala,
akalala kifudifudi nyuma ya kompresa, tochi kwapani,
akipiga mluzi kupitia pengo la meno.
Nikamwambia, kinasa sauti kiko wazi.
Akasema, "Samahani, dada," akanyamaza
dakika moja, labda mbili,
kisha mluzi ukarudi wenyewe
kama maji ya bomba saa nane za usiku.

Asubuhi nikasikiliza upya.
Jike, mia nne. Dume, mia sita. Wakateleza, wakafika.
Nyuma yao jokofu linakohoa, linawaka.
Nyuma ya jokofu, mluzi.
Na nyuma ya mluzi kuna mtu anaimba mdomo umefumba,
mwanamke,
nikajiuliza nani aliingia bila kubisha.
Nikarudisha. Nikarudisha tena.
Anaanza chini, sauti ya mtu aliyeshinda na njaa,
na mluzi uko juu mno, hauna habari naye.
Halafu kwenye kioo mistari miwili inapinda:
mluzi unashuka, nusu ngazi tu,
yule mwanamke anapanda,
na kwa pumzi nne, nilizihesabu, hakuna pengo.

Wallahi sikujua kama ninaimba.

Profesa Ndibalema ataandika pembeni: kelele za nje, futa.
Ndio utaratibu, hata mimi nimefuta nyingi,
honi, adhana, kicheko cha mlinzi.
Hii nimeiandikia kwa penseli:
"Jaribio la 41. Limeharibika. Lihifadhiwe."

Nikaukata unywele kwa mkasi wa kucha,
nikamrudisha jike kizimbani.
Anaruka na kipande changu mgongoni,
kinambembea huku na huku, hakimzuii.

Leso bado iko juu ya kabati.
Na hili jokofu, nikilitegea sikio vizuri,
halijapona sawasawa.